Uzi: Una saa janja ya mkopo kutoka mtandao mmoja na unataka kuhamia nayo mtandao mwingine? Soma kwanza (hasa mlioko Marekani)

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha karibu mwezi mzima kwa uchovu wa zamu, lakini juzi dada mmoja tunayesali naye hapa Columbus, Ohio, alinipigia kuniuliza jambo lile lile lililoninyima usingizi wiki tatu. Alichukua saa kwa mkopo, sasa anahama mtandao, na dukani wamemwambia hamna shida, saa atahama nayo. Shida ipo. Naandika yote yaliyonipata ili mwingine asipite nilikopita.

Nianze na sababu ya kuwa na saa yenyewe. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Simu haturuhusiwi kuingia nazo vyumbani mwa wazee, zinakaa kwenye makabati ya wafanyakazi ghorofa ya chini, nami niko ghorofa ya tatu. Mwanangu ana pumu. Usiku analala na mdogo wangu, na kifua kikimbana, mdogo wangu anatakiwa anipate palepale, asisubiri mpaka niteremke kunywa chai. Bluetooth haifiki ghorofa mbili chini. Ndiyo maana nilichukua saa yenye laini yake ndani, inayopokea simu hata kama simu yenyewe iko mbali. Yangu ni Apple Watch. Hizi zenye laini zilianza na toleo la Series 3 mwaka 2017, na si kila Apple Watch inayo, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kununua.

Kwenye saa hakuna mahali pa kuchomeka laini. Ndani kuna eSIM, yaani laini iliyojengewa humo humo, na kampuni ya simu inaipa saa namba yake ambayo hutaitumia kamwe, halafu inaifunga na namba ya simu yako ili ukipigiwa vilie vyote viwili. Kampuni za simu za hapa Marekani kila moja ina jina lake: Verizon wanaita NumberShare, AT&T wanaita NumberSync, T-Mobile wanaita DIGITS, kazi ni moja. Ikumbukeni hiyo namba ya pili, nitairudia, maana ndiyo iliyonila pesa.

Saa nilipewa kwa ofa. Bei yake dola 504, naigawanya kwa miezi 36, yaani dola 14 kila mwezi. Kampuni inanirudishia dola 10 kila mwezi kwenye bili, kwa hiyo mfukoni mwangu inatoka dola 4. Juu yake kuna ada ya laini ya saa, dola 10 kwa mwezi na kodi zake. Nilifurahi, nikasaini. Sikuelewa kwamba zile dola 10 za kurudishiwa si punguzo la bei. Ni pesa wanayokupa kwa kubaki kwao. Siku unaondoka, inakatika, na deni lote lililobaki linadaiwa kwa mkupuo.

Nikakaa miezi 19. Hapo kazini wakatuhamishia jengo jipya, na ule mtandao wangu mle ndani hakuna kitu. Saa inaonyesha alama nyekundu ya kukosa mtandao tangu naingia mpaka natoka. Wenzangu wa mtandao mwingine wanapiga simu wakiwa mpaka kwenye chumba cha kufulia. Usiku mmoja mdogo wangu alinipigia mara sita, nikaziona saa kumi na mbili asubuhi nilipofungua kabati. Mtoto alikuwa ameshatulia kwa dawa yake ya kuvuta, namshukuru Mungu. Siku hiyo hiyo nikaamua kuhama.

Simu yangu nilinunua kwa pesa taslimu, haina deni na haijafungwa kwa mtandao mmoja, kwa hiyo namba ilihama ndani ya nusu saa. Ikafika zamu ya saa. Yule kijana wa kampuni mpya akaingiza namba ya IMEI (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), akatikisa kichwa, akaingiza tena. Mfumo ukakataa. Akaniambia saa yangu "haiendani" na mtandao wao. Nikamwambia mfanyakazi mwenzangu anayo saa kama hii hii na iko kwenu. Akapandisha mabega, akaanza kunionyesha saa mpya, nayo ya mkopo wa miezi 36.

Nisingekuwa mbishi ningeichukua. Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi za mkataba, na nilichokuja kuelewa ni kwamba watu husema "saa imefungwa" kana kwamba kufuli ni moja, kumbe yako kadhaa na kila moja ina ufunguo wake.

La kwanza ni deni. Saa ikiwa bado inadaiwa, kampuni iliyokukopesha inaweza kuifungia ile IMEI, na mtandao mwingine ukiiingiza unakataliwa. Hilo halifunguliwi na fundi wala na programu ya kuuziwa mtandaoni. Linafunguliwa kwa kulipa.

La pili ni kufuli ya mtandao yenyewe, kama ile ya simu. Masharti ya AT&T ni kifaa kiwe kimelipwa chote na kiwe kimetumika kwao siku 60. T-Mobile ni kiwe kimelipwa chote na siku 40. Hapa watu huitaja ile sheria ya kufungua simu aliyoisaini Rais Obama Agosti 2014 wakidhani inawalazimisha kuwafungulia leo leo. Sheria ile ilikuondolea wewe kosa la kufungua kifaa chako. Deni haikulifuta.

La tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, ni kwamba Apple Watch ya mtu mzima (si ile mzazi anayomwashia mtoto) inatakiwa iwe mtandao mmoja na iPhone iliyounganishwa nayo. Huwezi kuacha saa kule ukalipa taratibu mpaka deni liishe huku simu umeshaihamisha. Namba ya simu ikiondoka, saa inabaki yatima.

Na hapo ndipo ile namba ya pili iliponikamata. Mwezi uliofuata nikaletewa bili na kampuni niliyoiacha. Nikadhani ni hesabu za mwisho. Kumbe kuna laini moja imebaki hai, namba inayoanza na 614 nisiyoijua kabisa, inadaiwa dola 10 na kodi. Niliipiga nikidhani ni ya mtu. Ilikuwa ya saa yangu. Unapohamisha namba ya simu, laini ya saa haikatiki yenyewe, lazima upige useme kwa mdomo wako kwamba laini hii nayo ikatwe. Mimi sikujua, nikalipia laini ambayo haikuwa na simu ya kushirikiana nayo.

Nikapiga hesabu. Miezi 17 iliyobaki kwa dola 14 ni dola 238. Na zile dola 10 za kurudishiwa kwa miezi 17, yaani dola 170, zimepotea. Kama ningebaki mpaka mwisho, kwa hiyo miezi 17 ningelipa dola 68 tu za saa, ukiacha ada ya laini. Iliniuma. Lakini saa mpya ya mkopo ingenifunga miaka mitatu mingine, na ile ya zamani ingebaki kabatini nikiidaiwa. Nikalipa 238.

Baada ya kulipa usikimbilie dukani siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda kesho yake, mfumo ukakataa vile vile. Bili ilikuwa inaonyesha sifuri lakini IMEI ilikuwa haijafunguliwa. Nilipiga simu, nikaomba vitu viwili kwa kuvitaja kimoja kimoja: deni lionekane limeisha kwenye IMEI hii, na kufuli ya mtandao iondolewe. Nikaomba waniandikie barua pepe. Ilikuja siku ya nne.

Halafu nikaitenganisha saa na simu. Simu itakuuliza ubakize kifurushi cha laini au uondoe. Ukiwa unahama mtandao chagua kuondoa. (Ukiwa unaitenganisha kwa sababu nyingine, mfano unabadilisha iPhone ukiwa mtandao ule ule, bakiza.) Nikaiunganisha upya kama saa mpya, nikafungua programu ya saa kwenye simu, sehemu ya mtandao wa simu, nikafuata hatua za kampuni mpya. Wakataka anwani yangu ya huduma za dharura, nikaandika. Kama dakika kumi hivi nikaona alama ya mtandao kwenye saa imegeuka kijani.

Nikazima simu kabisa, nikaitia droo, nikatoka mpaka kituo cha basi. Nikamwambia mdogo wangu apige. Saa ikatetemeka mkononi. Nilisimama pale kituoni nikiitazama tu.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kila linalonihusu.

Chui wa Houston

Dada, hongera kwa uzi na pole kwa yaliyokukuta. Umenifungua macho hapo kwenye laini kubaki hai. Nimeenda kutazama bili yangu sasa hivi nikakuta namba ya ajabu, nalipia tangu mwaka jana saa ya mke wangu ambayo ilivunjika kioo na haivaliwi. Kesho asubuhi naikata.

Binti Pangani

Kaka, kabla hujakata angalia kama hiyo saa bado ina mkopo wa ofa. Kwenye mikataba mingi zile pesa za kurudishiwa zimefungwa na laini ya saa. Ukikata laini, zinakatika, na deni linakuja lote kwa pamoja. Linganisha kwanza miezi iliyobaki mara ada ya laini, na pesa za kurudishiwa utakazopoteza. Ikiwa imebaki miezi miwili mitatu, huenda kuisubiri kuna nafuu.

Chui wa Houston

Imebaki miezi mitano. Nakaa chini nipige hesabu na mama watoto kwanza. Ahsante sana.

Fundi Kariakoo

Mtoa mada umeeleza vizuri, niongeze kidogo kwa upande wa Samsung maana hukuugusa. Galaxy Watch zenye laini haziko sawasawa na Apple. Kule kampuni ikikubali, saa inaweza kupewa laini inayojitegemea yenye namba yake, si lazima ishirikiane na namba ya simu. Kwa hiyo lile kufuli lako la tatu kwa Samsung ni jepesi zaidi. Ila kuna jingine: saa iliyouzwa na kampuni ya simu huja na programu endeshi ya kampuni hiyo, na hata ikifunguliwa inaweza kusumbua kuwasha laini ya kampuni nyingine. Ndiyo maana mteja akiniuliza namwambia nunua ile isiyo ya kampuni yoyote, hata kama ni ghali kidogo mwanzoni.

Na mnaonunua saa kuukuu mtandaoni, angalieni vitu viwili kabla pesa haijatoka: IMEI isiwe inadaiwa, na akaunti ya mwenye saa iwe imeondolewa. Saa ya Apple ikiwa na akaunti ya mtu mwingine ndani ni pambo la mezani. Kwenye Apple vua mkanda, kwenye ule mfereji anapoingilia mkanda kuna namba ndogo sana zimechongwa, utahitaji tochi. Au fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu saa, utapata IMEI yenye tarakimu 15 na EID (namba ya ile eSIM) yenye tarakimu 32. Mtandao mpya utaziomba zote mbili, na tarakimu 32 kuzisoma kwa mdomo kwenye simu ni kazi, piga picha.

Binti Pangani

Fundi, ubarikiwe. La programu endeshi sikulijua kabisa.

Kilindini

Shukran dadangu. Mie niko Leicester, Uingereza. Huku mambo ni tofauti kidogo: Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku, walipiga marufuku kampuni kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Kwa hivyo kufuli lako la pili huku halitusumbui. Lakini mkataba wa mkopo uko palepale, ukivunja unalipa kilichobaki. Na binamu yangu yuko Toronto, anasema Kanada walitangulia, tangu Desemba 1, 2017 CRTC, wasimamizi wa kule, waliagiza vifaa viuzwe vikiwa wazi.

Swali langu: mbona hukuiwasha kama saa ya mtoto? Nimesikia ile haihitaji kuwa mtandao mmoja na simu.

Binti Pangani

Kaka Kilindini, swali zuri, na nililifikiria usiku mmoja mzima.

Ni kweli. Tangu watchOS 7 (mfumo endeshi wa saa zao) mwaka 2020 Apple waliweka njia ya mzazi kumwashia mtoto au mzee saa kwa kutumia iPhone ya mzazi. Inataka Series 4 kwenda juu au SE, iwe yenye laini. Saa hiyo inakuwa na namba yake kamili, na inaweza kuwa mtandao tofauti na wa iPhone ya mzazi. Kwa hiyo kwa mtu ambaye simu yake iko mtandao A na hana mpango wa kuhama, ila anataka saa ya bibi iwe mtandao B wenye nguvu pale bibi anapokaa, hiyo ndiyo njia yake.

Kwangu ilikuwa na kasoro mbili. Namba inakuwa nyingine, na namba yangu ya sasa iko shuleni kwa mtoto, iko kwa daktari wake, iko kwenye karatasi niliyobandika jikoni. Na saa ikiwashwa hivyo inapoteza baadhi ya vitu, mfano kipimo cha ECG (cha umeme wa moyo) na taarifa za mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Mimi nina presha, hivyo navihitaji. Na kumbuka hata kwa njia hiyo deni linabaki deni, IMEI iliyofungiwa haiwashwi kama ya mtoto wala ya mkubwa.

Kilindini

Nimekufahamu vyema. Mamangu mzazi yuko nami hapa, ana miaka 78, simu huisahau kila mahali lakini saa haivui. Nitamfanyia hivyo.

Njiro Kwetu

Habari zenu wakuu. Mimi niko Arusha. Kaka yangu aliyeko Minnesota anataka kuniletea Apple Watch yake yenye laini, alichukua kwa mkopo huko. Ikifika hapa naweza kuiwekea laini ya hapa? Simu yangu inakubali eSIM na mtandao wangu unayo.

Binti Pangani

Ndugu yangu, nikujibu kwa utaratibu maana hapa watu wengi wanaumia.

Muulize kwanza kaka yako kama deni limeisha. Kama halijaisha asiilete, maana akiacha kulipa itafungiwa na wewe ndiye utakayebaki nayo mkononi.

Pili, mtandao kuwa na eSIM ya simu si sawa na kuwa na huduma ya saa. Saa inahitaji kampuni iwe na mfumo wa kushirikisha namba na iwe imekubaliana na Apple. Apple wana orodha ya kampuni hizo nchi kwa nchi kwenye tovuti yao. Usimuulize muuza duka, fungua ile orodha uangalie kampuni yako kwa jina. Na hata kampuni ikiwemo, saa zilizouzwa Marekani kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa masafa ya kule, tofauti na zile za Ulaya na Asia. Series 3 ndiyo mbaya zaidi kwa hili.

Lakini usikate tamaa. Saa ile bila kifurushi inafanya kazi zote nyingine ukiwa na iPhone karibu: simu, ujumbe, mapigo ya moyo, mazoezi, kila kitu. Na ukiwa nyumbani kwenye waifai inayoijua, inapata ujumbe hata simu ikiwa chumba kingine. Nilipokwenda Tanga mwaka jana niliitumia hivyo mwezi mzima sikupungukiwa. Kinachokosekana ni kutoka nayo mbali bila simu. Kama hilo hulihitaji, mwambie kaka aje nayo, ila deni liishe na akaunti yake aiondoe kabla hajapanda ndege. Akisahau, mtahangaika kupigiana simu saa za usiku wa manane, wewe huku yeye kule.

Njiro Kwetu

Dada umenisaidia mno. Nimemuuliza sasa hivi, anasema bado malipo manne. Nimemwambia ayamalize kwanza, mimi nasubiri.

Mgosi wa Dallas

Mimi nataka kuhama kwenda zile kampuni ndogo za bei nafuu, zinazokodi minara ya wakubwa. Saa yangu imeshalipwa yote. Kuna kikwazo?

Fundi Kariakoo

Mkuu, kikwazo kipo na ni kile kile mtoa mada alichomwambia wa Arusha. Kukodi mnara hakumaanishi wamekodi na huduma ya saa. Visible, mojawapo ya hizo za bei nafuu, wanakubali Apple Watch. Wengine wanakubali aina moja ya saa na kukataa nyingine, na wengine hawana kabisa. Usihamishe namba ya simu mpaka umeona jina la saa yako, toleo lake, kwenye ukurasa wao. Simu ikishahama, saa inaifuata au inabaki.

Binti Pangani

Naunga mkono hoja. Na kama unaweza, kawashe simu yao kwanza kwa namba ya majaribio ya mwezi mmoja ukaone mtandao pale unapokaa na unapofanyia kazi. Mimi ningefanya hivyo nisingesaini ule mkataba wa kwanza, maana ningejua mapema ni mtandao upi unafika kila mahali ninapopita.

Mgosi wa Dallas

Poa dada, nimekuelewa. Swali la mwisho, chaji inakaa? Yangu ikiwa peke yake bila simu inakufa haraka.

Binti Pangani

Ikiwa peke yake kwenye laini inakula chaji sana, hasa ukiongea. Mimi naichaji nikiwa nakula kabla ya kutoka, naifikisha mia, naizimia ile skrini ya kuwaka muda wote, na sipokei simu ndefu. Mdogo wangu anajua: apige, aseme kwa kifupi, akate, kama ni kubwa nateremka kuchukua simu. Kwa zamu ya muda wa saa nane narudi nyumbani ikiwa na theluthi hivi.

Sasa hivi saa nne na nusu, naingia saa tano. Simu inaingia kabatini, wenye maswali yaacheni hapa, nitayajibu kesho mchana nikiamka.